Thelathini na Wanane Wasiopatikana

Ofisini wananiita Pilipili, na sijawahi kukanusha. Baba alikuwa hivi hivi, babu alikuwa hivi hivi, na kama hasira ingekuwa shamba, ukoo wetu ungekuwa wa matajiri. Nalisema hili mapema ili usije ukaniuliza kwa nini sikunyamaza. Nilinyamaza siku tisa nzima. Hazikunisaidia kitu.

Kazi yetu ni kusoma tafiti za dawa na kusema zipi za kuaminika. Hatupimi dawa, hatugusi mgonjwa. Sisi tunawapima waliopima. Wizara ikitaka kuingiza dawa mpya kwenye zahanati zote, inatuletea makala za utafiti, nasi tunakaa nazo pamoja na faili moja la Excel ambalo limenizeesha kuliko ndoa. Kila utafiti una mstari wake. Kila mstari una maswali ishirini na mawili, yamegawanywa mafungu matano. Je, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kweli, au mtu alichagua nani apewe dawa na nani apewe kidonge kitupu? Waliopima maumivu walijua nani kameza nini? Walioanza ndio waliomaliza? Unajibu ndiyo, huenda ndiyo, huenda siyo, siyo, au hakuna taarifa, na pembeni unaandika jibu umelitoa ukurasa gani. Ukimaliza fungu, jedwali lenyewe linapiga hesabu zake na kisanduku kinageuka rangi. Kijani, utafiti umenyooka. Manjano, una walakini. Nyekundu, umeegemea upande, usiutegemee.

Sheria kubwa ni moja. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja na ukurasa wake kwenye faili, na asione mtu majibu ya mwenzake mpaka mwisho. Nyani haoni kundule, ndiyo maana tunawekwa wawili. Ukurasa wa tatu wa faili ndio unaolinganisha, na pale tulipotofautiana panawaka rangi ya chungwa. Hapo tunakaa tunabishana mpaka kieleweke.

Safari hii dawa ilikuwa ya magoti, kidonge cha bluu na nyeupe. Tafiti zilikuwa nane. Saba zilikuwa ndogo ndogo, watu ishirini hapa, thelathini pale, na zote zilisema labda. Wa sita ndio uliokuwa baba lao: watu mia mbili na arobaini, nusu dawa, nusu kidonge kitupu, na majibu matamu kupita kiasi. Wa sita ukisimama, dawa inapita. Wa sita ukianguka, hakuna dawa.

Na nyumbani kwetu kulikuwa na mtu anaisubiri. Mama ana miaka sabini na moja, na magoti yake yanalia kama bawaba za mlango. Nesi wa zahanati alishamnong'oneza kwamba kuna kidonge kinakuja, na tangu siku hiyo kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, bado tu hamjamaliza kusoma?"

Mstari wa sita niliuanza Jumanne baada ya chakula cha mchana. Nilipofika fungu la tatu, la walioanza na waliomaliza, nikakuta hivi: kati ya watu mia moja na ishirini waliopewa dawa, thelathini na wanane hawakumaliza. Kati ya mia moja na ishirini waliopewa kidonge kitupu, hawakumaliza wanne. Sababu ilikuwa neno moja. Hawakupatikana. Basi waandishi wakawafuta, wakahesabu waliobaki, wakatangaza kwamba magoti yamepona. Ni sawa na mwalimu afukuze watoto waliofeli halafu aseme darasa lake limefaulu lote. Nikajibu maswali kama yalivyo, kisanduku kikawa chekundu, wala sikukasirika. Upuuzi wa namna hiyo ndio unaonilipa mshahara.

Nikafungua kiambatisho nihakikishe namba za kurasa. Kulikuwa na orodha ya wale waliokosekana: namba, jinsia, umri, kazi, wiki waliyokosekana. Namba mia moja na saba. Mwanamke, miaka arobaini na minne, mwalimu wa shule ya msingi, wiki ya tano, hakupatikana. Na juu ya orodha, jina la kliniki na miezi ya utafiti.

Alikuwa dada yangu. Dada yangu wa tumbo moja.

Miaka miwili nyuma alijiandikisha kwenye utafiti kwenye kliniki ile ile, miezi ile ile, kwa sababu kufundisha darasa la pili ni kusimama kutwa na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Kidonge cha bluu na nyeupe. Kichwa kikaanza kumzunguka. Kwa kuwa ni mwalimu hadi kwenye uboho, alichukua daftari la mraba akaandika kila siku: saa ngapi amemeza, saa ngapi kizunguzungu, kimekaa muda gani. Alilipeleka kliniki mara mbili, mara mbili akaambiwa atulie, mwili unazoea. Wiki ya tano akaanguka kwenye ngazi za shule akiwa amebeba madaftari arobaini na mawili ya watoto. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika na kikaunga vibaya. Leo anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na watoto wanazicheka herufi zake. Alirudi kliniki mara ya tatu, plasta mkononi, daftari kwapani. Wa mapokezi akamwambia ameondolewa kwenye orodha kwa sababu hakutokea siku ya vipimo. Siku hiyo ya vipimo alikuwa hospitali akipigwa eksirei.

Hakupatikana. Namba yake ya simu ni ile ile miaka kumi na moja. Nyumba ni ile tuliyozaliwa. Shule ni ile ile, darasa ni lile lile, na hata mzoa taka wa mtaani anajua anatoka saa ngapi. Nilikwenda msalani, nikafunga mlango, nikaupiga ukuta ngumi. Hasira hasara, walisema wahenga, na vidole vyangu ni mashahidi. Viliniuma wiki nzima.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nami nina langu. Mwanzoni mwa faili kuna fomu inayouliza: wewe au ndugu yako mna uhusiano wowote na mojawapo ya tafiti hizi? Nilikuwa nimeandika hapana kabla sijaanza, nikiamini ni kweli, maana Dada hakuwahi kuambiwa jina la dawa aliyopewa. Sasa nilijua si kweli. Nilitakiwa kubadilisha fomu, nitolewe kwenye mstari wa sita, asome mwingine. Sikubadilisha. Nilijiambia jedwali limeshageuka jekundu kabla sijajua lolote, kwa hiyo kosa liko wapi? Nikakaa na hilo siku tisa, nikitoa macho kama mwizi wa kuku kila Profesa akipita. Nakwambia kwa sababu nitawasema wengine, na si haki nijifiche nyuma yao.

Profesa ndiye mkuu wetu. Ni mama wa takwimu, sauti laini, akikukatalia jambo utadhani anakukaribisha chai. Siku ya tisa, Jumatano, alitufungulia ukurasa wa tatu tujiandae na kikao cha kesho yake. Nikautazama, nikahisi kuna kitu hakikai sawa.

Maswali ishirini na mawili mara tafiti nane ni majibu mia moja na sabini na sita. Tulikuwa tumekubaliana mia moja na sabini na nne. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, na kwa kawaida wasomaji wawili hutofautiana jibu moja katika kila matano. Mimi na mke wangu hatukubaliani hata kuhusu dirisha. Halafu visanduku viwili tu vya chungwa, na vyote viwili viko mstari wa sita, fungu la tatu.

Nikaanza kwa kujikagua mwenyewe. Mstari wa tatu nikaona nimekosea: pembeni ya jibu nimeandika ukurasa wa 41, na makala yenyewe ina kurasa kumi na nne. Vidole vimegeuza namba, basi. Nikafungua ukurasa wa mwenzangu nione yeye kaandika ngapi. Kaandika 41.

Mwenzangu tunamwita Bwana Sawa, kwa sababu hakuna jambo duniani asilolijibu hivyo. Nilimkuta kwenye mashine ya fotokopi.

"Bwana Sawa," nikamwambia, "nionyeshe ukurasa wa arobaini na moja wa utafiti wa tatu."

Akacheka. "Kaka Pilipili, leo umeamkia upande gani?"

"Nionyeshe."

Akaenda kuichukua makala mezani kwake, akafunua, akafika kumi na nne, akarudi nyuma, akafunua tena, ungedhani kurasa zingine zitaota akisubiri. Kicheko kikamwisha.

"Prof alinipa ukurasa wako," akasema. "Alisema muda umetubana, nianzie hapo, nirekebishe nisipokubaliana."

"Umesoma tafiti ngapi?"

"Mbili."

"Na wa sita?"

"Wa sita sikuusoma. Aliniambia pale kwenye waliokosekana nilegeze kidogo, nyekundu itatuletea maneno na wizara. Nikasema sawa."

Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine kuhusu yeye na mengine kuhusu aliyemfundisha kusoma. Aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Kaka, mkataba wangu unaisha mwezi huu. Na unajua nina mapacha wa miezi minne." Nilijua. Niliwachangia nepi. Hilo liliniudhi zaidi, maana mtu ukitaka kumchukia vizuri ni afadhali usijue watoto wake wanalala vipi.

Jioni nilipita nyumbani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Nikawaeleza yeye na Dada yote, orodha, namba mia moja na saba, ukurasa wa arobaini na moja. Dada alisikiliza bila kuacha kusahihisha madaftari.

Mama akasema, "Dada yako na ngazi hawajapatana tangu utoto. Msisingizie dawa ya watu."

"Mama, ameandika daftari zima," nikasema. "Liko kabatini. Soma hata ukurasa mmoja."

"Sina miwani."

Miwani ilikuwa kifuani, inaning'inia kwa kamba yake. Nikafungua mdomo na Dada akanitazama, nikaufunga. Akanisindikiza hadi mlangoni.

"Ukisema kesho kwamba mimi ni dada yako, watakutoa," akaniambia.

"Watanitoa."

"Na usiposema?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Mdogo wangu, mimi nimefutwa na watu wanaoficha vitu. Usije ukanitetea kwa kuficha," akasema, akarudi kwenye madaftari yake.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa wanne: Profesa, mimi, Bwana Sawa, na afisa wa wizara, mama wa makamo mwenye daftari la jalada gumu ambaye hakuwa amesema neno zaidi ya salamu. Jedwali lilikuwa ukutani, kubwa, rangi zake zote zikionekana.

"Tofauti ni mbili tu katika majibu mia moja na sabini na sita," Profesa akasema. "Nawapongeza. Tumalizane na mstari wa sita. Pilipili ameweka nyekundu, mwenzake manjano. Mimi kama msuluhishi naona manjano inatosha. Hawa watu waliondoka wenyewe, na wahenga walishatuambia, asiyekuwepo na lake halipo. Tunahesabu waliopo."

Msemo huo nimeusikia maisha yangu yote. Nimeusikia kwenye vikao vya ukoo, nimeambiwa nilipochelewa kula, nimewaambia wengine nikicheka. Sikuwahi kuusikia ukisemwa juu ya mkono wa dada yangu. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Siku nyingine ningepiga meza. Siku hiyo, sijui ilikwendaje, sauti yangu ilitoka ya chini kuliko yake.

"Prof, kabla hujaandika manjano. Namba mia moja na saba kwenye orodha ya waliokosekana ni dada yangu. Nimejua siku ya kumi leo, na fomu sikuibadilisha. Nimekosa. Majibu yangu ya mstari wa sita yatolewe."

Uso wake ulilegea. Nilimwona akishusha pumzi.

"Hilo ni jambo zito, tutalizungumza faragha," akasema. "Basi mstari wa sita unabaki na majibu ya mwenzako."

"Hayabaki. Ya mwenzangu ni yangu."

Nikaomba mstari wa tatu uonyeshwe ukutani, ukurasa wangu, kisha wa Bwana Sawa. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Nikampa afisa makala yenyewe mkononi. Akalowesha kidole, akafunua moja moja hadi kumi na nne, akageuza nyuma ya karatasi ya mwisho, hakuna kitu.

"Kijana," akamwambia Bwana Sawa, "ukurasa huu wa arobaini na moja uliusoma wapi?"

Bwana Sawa akamtazama Profesa. Profesa akawa anapanga kalamu zake. Nilikuwa tayari kumsikia akisema neno lake lile, na nilishaandaa tusi.

"Sikuusoma," akasema. "Nilinakili kwa kaka. Nilipewa ukurasa wake."

"Na nani?"

Aliendelea tu kuzitazama zile kalamu zikipangwa, na sisi wote tukazitazama.

Afisa akahesabu kwa vidole kama anayetaka kuhakikisha hajapunjwa. "Kwa hiyo majibu ya tafiti zote nane yametoka kwa mtu mmoja. Na mtu huyo mmoja ana dada yake ndani ya mmojawapo, na alinyamaza."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi hazijasomwa," akasema, akafunga daftari.

Sheria ni msumeno. Nilijua utamkata Profesa, sikuwa nimefikiria sana kwamba mimi nimeushika upande wa meno. Miezi mitatu ya kazi ikatupwa, na katika hiyo kazi yangu ilikuwa safi, mistari saba niliyoisoma neno kwa neno hadi macho yakatoa machozi. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya onyo na nikahamishiwa chumba cha kumbukumbu, ambako napanga makala za zamani kwa mwaka. Hiyo naikubali, nililitafuta nikalipata. Bwana Sawa mkataba wake haukuongezwa. Profesa alipewa likizo ya wiki mbili, akarudi na miwani mipya. Aliyesema kweli mwishoni ndiye aliyelipa kuliko wote, na hapo hasira yangu haijapoa mpaka leo, wala sina mpango wa kuipoza. Nepi naendelea kuzipeleka.

Tafiti zote nane zikapewa wasomaji wawili wa ofisi nyingine, ambao hawanijui wala siwajui. Siruhusiwi kuwauliza kitu, na siwaulizi. Nilichokuja kusikia ni kwamba waliwaandikia waandishi wa utafiti wa sita wakitaka kujua jambo moja: hao thelathini na wanane mliwatafuta vipi?

Jumamosi moja mchana nilikuwa nyumbani. Mama kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Dada anasahihisha kwa mkono wa kushoto, polepole, alama za vema kubwa zilizopinda. Simu yake ikaita, akaiweka spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kalamu.

"Habari za mchana," sauti ya msichana ikasema. "Tunapiga kutoka utafiti wa dawa ya magoti. Tunamtafuta mshiriki namba mia moja na saba. Tumekuwa tukimtafuta muda mrefu."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili mdomoni, yameshapangwa. Dada akaninyooshea kidole kimoja, kile cha darasa la pili, nikakaa.

"Namba hii mmeipiga mara ngapi?" akauliza.

"Samahani?"

"Namba hii unayoongea nayo. Niliiandika kwenye fomu yenu siku ya kwanza. Mmeipiga mara ngapi?"

Karatasi zilifunuliwa upande wa pili. Zilifunuliwa kwa muda.

"Hapa inaonyesha hii ndiyo mara ya kwanza," msichana akasema.

Mama akashusha mguu kutoka kwenye stuli.

"Una kalamu?" Dada akauliza.

"Ninayo."

"Basi nitakusomea siku thelathini na tatu, moja baada ya nyingine, nawe utaandika. Usiruke. Nikimaliza utanisomea ulichoandika." Akanigeukia. "Niletee daftari langu, liko kabatini."

Kabla sijainuka, Mama alishainuka. Miaka miwili hakutaka hata kuliona. Akashika ukuta, magoti yakilia, akaenda mwenyewe kulileta, na njiani nikamwona anavaa miwani.